Kabla ya kulipia tovuti ya hisa, tuliipima kwa benki tunayoijua

Kikoba chetu kina wanawake kumi na wanne, na wengi wetu riziki yetu inatoka bandarini Tanga. Wamo mama lishe wawili, karani wa wakala wa forodha, muuza vitenge, na mimi, ambaye kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ni kuhesabu mizigo inayoteremka melini. Meli inakuja na karatasi yake: magunia kadhaa, mabomba kadhaa, marobota kadhaa. Mimi nasimama na ubao wangu nahesabu kinachoshuka. Karatasi na hesabu yangu vikilingana, tunatia saini. Visipolingana, haondoki mtu mpaka ijulikane kosa liko wapi.

Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niseme "ngojeni kwanza" Jumapili moja ya Agosti 2024, barazani kwa mwenyekiti wetu, Ngamiani, mweka hazina alipoleta pendekezo lake.

Tangu mwaka 2022 sehemu ya akiba yetu tunaiweka kwenye hisa, nyingi za benki ya CRDB na chache za benki ya NMB. Mweka hazina ndiye mdogo wetu, ana miaka ishirini na sita, na ndiye anayetufuatilia bei. Binamu yake aliye Ohio analipia tovuti moja ya kuchambua hisa na anaisifu sana. Unaandika jina la kampuni, yanatokea yote: bei, grafu ya miaka mitano, faida kwa kila hisa, uwiano wa bei na faida (bei ya hisa ni mara ngapi ya faida yake ya mwaka), gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, madeni, na juu kabisa duara la rangi, kijani ikiwa kampuni ni nzuri, nyekundu ikiwa ya kuogopwa. Na kampuni za soko la hisa la Dar es Salaam zimo. "Dada zangu," akasema, "mpaka leo tunanunua kwa kusikia. Hapa tutanunua kwa kuona."

Alikuwa na haki. Nusu ya maamuzi yetu ya mwanzo yalitoka kwenye makundi ya WhatsApp, ambako mtu usiyemjua anaandika kwamba hisa fulani itapanda wiki ijayo, watu wanashangilia, na hakuna hata mmoja anayeuliza ameyatoa wapi. Kiu ya kuona tarakimu kwa macho yetu sote tulikuwa nayo.

Bei ya tovuti ilikuwa dola 20 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 2,700 wakati ule, hiyo ni 54,000 kwa mwezi, 648,000 kwa mwaka. Gawio la CRDB la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50 kwa hisa. Likikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 linabaki 47.50. Nikapiga hesabu pale pale nyuma ya daftari la mahudhurio: ili gawio peke yake lilipie tovuti, tunahitaji hisa zaidi ya 13,600. Hatukuwa na nusu yake. Maana yake tungekuwa tunachukua gawio letu lote na kuongeza juu yake michango ya wanachama, ili tujue hali ya kampuni ambazo gawio lake limeshaliwa.

Lakini sikutaka tuikatae kwa bei tu. Kitu cha ghali chenye kukuepusha na hasara kubwa kinajilipia. Tovuti ilitoa siku saba za majaribio bila malipo, nikaomba tuzitumie kwa jambo moja: tuchukue benki moja ambayo hesabu zake tunazo mkononi, tuone kama tovuti inasema kilekile. Tukachagua CRDB, kwa kuwa kila mmoja wetu anaijua na wengine tuna akaunti humo.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo penye utamu. Benki zote nchini zinatakiwa kutangaza hesabu zao kila robo mwaka. Mwishoni mwa Januari, Aprili, Julai na Oktoba kurasa hizo zinajaa magazetini, na watu wengi wanazipindua kama matangazo ya tenda. Mpangilio wake ni mmoja kwa benki zote, kubwa kwa ndogo, hivyo ukishajua kusoma ya moja umezijua zote. Kwanza mizania, yaani mali na madeni ya benki, halafu mapato na matumizi, halafu mtiririko wa fedha. Chini ya mizania na chini ya mapato kuna kisehemu kidogo ambacho mimi hukianzia: mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyotakiwa, ni asilimia ngapi ya mikopo yote, gharama zinakula kiasi gani cha mapato, faida kwa hisa ni ngapi, wafanyakazi wangapi, matawi mangapi.

Kwenye mapato na matumizi kuna safu nne za tarakimu. Ya kwanza ni robo hii. Ya pili ni robo kama hii mwaka jana. Ya tatu ni jumla tangu Januari mpaka sasa. Ya nne ni jumla kama hiyo ya mwaka jana. Mweka hazina alikuwa na ukurasa wa robo ya pili, ulioishia Juni 2024, ameukata vizuri kwa mkasi. Tukauweka juu ya jamvi, simu pembeni yake, tukaanza mstari mmoja mmoja, yeye anasoma simu, mimi natia alama kwenye gazeti.

Faida ya mwaka mzima wa 2023 ilikuwa sawa. Taarifa iliyokaguliwa inasema takriban shilingi bilioni 424 baada ya kodi; gawanya kwa hisa bilioni 2.61, unapata kama 162 kwa hisa, na tovuti nayo ilisema 162. Wenzangu wakaanza kutabasamu. Mizania nayo ilikaa sawa. Tulipofika kwenye faida ya "miezi kumi na miwili iliyopita", tarakimu ikaruka juu kuliko vile gazeti linavyoweza kuiruhusu. Nikamwomba anisomee robo moja moja. Robo ya kwanza, sawa. Robo ya pili, si sawa: ilikuwa imeandikwa jumla ya miezi sita.

Chukueni mfano mwepesi. Benki imepata 100 Januari mpaka Machi, ikapata 110 Aprili mpaka Juni. Safu ya robo inasema 110, safu ya jumla inasema 210. Aliyeingiza tarakimu kwenye tovuti alichukua 210 akaiita robo ya pili. Halafu mashine ikajumlisha: 100 na 210, nusu mwaka ikawa 310. Mizigo ya robo ya kwanza imeshushwa mara mbili kutoka meli moja. Na kwa kuwa faida imevimba, uwiano wa bei na faida ukashuka, hisa ikaonekana rahisi kupita kiasi, na duara likawa kijani kibichi.

CRDB ni benki nzuri kwa maoni yangu, nami sina nia ya kuuza hisa zangu. Kilichonishtua ni kwamba rangi ile ilitoka kwenye tarakimu ambayo haipo. Siku tutakapoandika jina la kampuni tusiyoijua, isiyo na ukurasa wetu wa gazeti juu ya jamvi, tutajuaje?

Tukawaandikia. Mweka hazina aliandika kwa adabu, akaambatisha picha ya ukurasa, akazungushia safu mbili kwa kalamu nyekundu. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, likisema taarifa imefikishwa kwa wahusika. Mpaka siku zetu za majaribio zinaisha, tarakimu ilikuwa ileile.

Usiku wa siku tuliyoliona kosa, mweka hazina alimpigia binamu yake Ohio, akiwa na wasiwasi kwamba naye anadanganywa. Hadanganywi, na sababu yake inafaa kujulikana na kila anayenunua hisa huku kwetu kwa zana zilizotengenezwa kwa ajili ya kwao. Kampuni zilizoorodheshwa Marekani huwasilisha hesabu zao kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko, SEC, kwenye hazina ya wazi iitwayo EDGAR, ambayo mtu yeyote popote anaifungua bure. Tangu mwaka 2009 SEC ilianza kuzitaka kampuni, zile kubwa kwanza, kuweka hesabu hizo katika muundo ambao kompyuta inausoma yenyewe, kila tarakimu ikiwa na lebo yake: hii ni faida ya robo, hii ni ya miezi sita. Tovuti ya Ohio inavuta tarakimu zenye lebo. Kwetu, kampuni inatoa faili la PDF, wakati mwingine karatasi iliyopigwa picha, na mtu fulani mbali sana anakaa kuichapa upya. Tovuti ileile inaweza kuwa hodari kwa kampuni ya Chicago na ikakosea kwa ya Dar es Salaam. Kwa hiyo binamu aendelee kulipa, anapata thamani ya pesa yake.

Siku za majaribio zilikuwa bado zimebaki, tukaendelea na kampuni nyingine.

TBL na TCC, bia na sigara. Tovuti ilizipa alama ya "hatari ndogo" kwa sababu bei zake hazitikisiki. Kweli hazikutikisika: kwa miaka kadhaa TBL ilikaa kwenye shilingi 10,900 na TCC kwenye 17,000. Grafu ni mstari mnyoofu kama upeo wa bahari asubuhi. Ila bei ya hisa husogea pale mtu anapouza na mwingine kununua. Asilimia 75 ya TCC iko kwa JTI, kampuni kubwa ya sigara ya nje, TBL nayo sehemu kubwa iko kwa AB InBev, kampuni kubwa ya bia ya nje, na waliobaki na hisa chache wengi wamezikalia. Siku nyingi hakuna biashara kabisa. Mashine inaona kimya inakiita usalama. Mimi nikiona kimya namna hiyo nauliza: mama lishe wetu akiuguliwa na mtoto leo na anahitaji pesa yake Ijumaa, nani atamnunulia hisa, na kwa bei gani? Tovuti haikuwa na jibu hilo mahali popote, wala haikuonyesha idadi ya hisa zilizouzwa siku ile. Ilionyesha bei peke yake.

Swali hilo linajibiwa bure. Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa taarifa ya kila siku ya biashara, na humo kila kampuni ina mstari wake: bei ya kufunga, hisa ngapi zimeuzwa, kwa shilingi ngapi, na, jambo ninalolipenda kuliko yote, ni hisa ngapi zimebaki kwenye foleni ya wanaotaka kununua na ngapi kwenye foleni ya wanaotaka kuuza. Ukiona wauzaji wa maelfu na mnunuzi hakuna, umeshaambiwa. Tangu siku ile mweka hazina anaandika foleni hizo mbili kila Ijumaa kwenye daftari, kwa kampuni sita tu tunazozifuatilia.

Vodacom tuliipitia haraka. Mwaka wake wa hesabu unaishia tarehe 31 Machi, wa benki unaishia 31 Desemba, na jedwali la kulinganisha lilizipanga zote chini ya mwaka mmoja kana kwamba zimesafiri pamoja. Ukilijua hilo halikusumbui.

Kampuni iliyotuchukua muda ni ya hapa nyumbani, Tanga Cement, yenye kiwanda Pongwe. Malori yake tunayaona kila siku, na mume wa mwenyekiti wetu aliwahi kufanya kazi huko. Tovuti ilikuwa na uwiano wa kila aina juu yake. Lakini kilichokuwa kikiamua hatima ya hisa ile miaka ya karibuni hakikuwa kwenye uwiano. Mwaka 2021 Scancem, iliyo chini ya Heidelberg ya Ujerumani na ndiyo yenye hisa nyingi za Twiga, kampuni nyingine ya saruji, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement kutoka kwa AfriSam, mmiliki wake wa wakati ule. Tume ya Ushindani ikakubali kwa masharti, Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya Tume, likatengua mwaka 2022, shauri likarudi mezani, ununuzi ukakamilika mwaka 2023, na baadaye kampuni ikaingia mikononi mwa Amsons, kundi la kampuni za Kitanzania. Mwenye hisa mia mbili za Simba, kama tunavyoiita, alihitaji kusoma matangazo ya kampuni kwenye tovuti ya soko na uamuzi wa Baraza, si duara la rangi. Hata zana bora kabisa ya tarakimu ingemwacha gizani, kwa kuwa habari ilikuwa ndani ya maandishi.

Na hapo ndipo nililo na uchungu nalo. Maandishi hayo, na kurasa zile za robo mwaka, mara nyingi huja kwa Kiingereza hata ndani ya gazeti la Kiswahili. Katika kumi na wanne sisi, wanaokisoma Kiingereza cha mahesabu bila shida ni watatu. Mama lishe anayetoa elfu kumi yake kila wiki ni mwenye kampuni kama alivyo mfuko wa pensheni, ana kura kwenye mkutano mkuu, na hawezi kusoma barua aliyoandikiwa. Kama kuna kijana anayetafuta programu ya kutengeneza kwa ajili ya wawekezaji wa hapa, namsihi aache duara la rangi, atufanyie hili: achukue ukurasa ule wa robo mwaka, mstari kwa mstari, aupe majina ya Kiswahili, na pembeni ya kila tarakimu aweke picha ya pale ilipotoka. Hiyo nitailipia, na nitawashawishi wenzangu walipie.

Kwa sasa tumejitengenezea wenyewe. Karani wa forodha aliandika kwenye karatasi ngumu mistari yote ya ukurasa wa benki, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili: mikopo chechefu, amana za wateja, mapato ya riba, tengo la hasara ya mikopo, yaani pesa ambayo benki inaitenga mapema kwa mikopo inayoweza kutolipwa. Lile la mwisho lilitugombanisha karibu saa nzima, maana kila mmoja alikuwa na jina lake, tukaafikiana baada ya kumpigia mwalimu mmoja wa uhasibu.

Kwa hiyo pesa ya dola hatukuitoa. Bei na foleni tunachukua kwenye taarifa ya kila siku ya soko. Hesabu za robo tunachukua gazetini. Taarifa za mwaka tunapakua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na zile za zamani ambazo kampuni imeziondoa tunazipata African Financials, inayokusanya taarifa za kampuni zilizoorodheshwa barani Afrika. Dalali wetu wa hisa hututumia uchambuzi wa wiki kwa barua pepe, nasi tunausoma kwa shukrani tukikumbuka kwamba yeye hupata kamisheni tukinunua na tukiuza pia. Grafu za bure tunaziangalia, ila hatununui kwa ajili ya grafu.

Mweka hazina aliumia kidogo, naye ni haki yake, maana yeye ndiye aliyetufungua macho kwamba kununua kwa kusikia kuna mwisho. Nilimwambia mbele ya wote kwamba bila pendekezo lake tusingekaa kwenye jamvi lile na gazeti. Siku hizi akiletewa zana yoyote mpya, hata ya bure, ana maswali matatu ameyaandika kwenye jalada la daftari. Tarakimu hii imetoka karatasi gani, na naweza kuifungua? Bei hii ni ya tarehe gani, na ziliuzwa hisa ngapi? Nikikuta kosa, namwandikia nani? Wiki iliyopita alizipima programu mbili za simu kwa maswali hayo. Moja ilikuwa na tarehe na idadi ya hisa kando ya kila bei, ameibakiza. Nyingine ameifuta.

Ukurasa wa NMB wa robo ya tatu umeshatoka. Jumapili ijayo zamu ya kuusoma ni ya mama lishe mkubwa, anayepika pale karibu na lango la bandari. Ameazima karatasi ya majina tangu Jumatano, anaipitia akisubiri maharage yaive, na jana aliniuliza, kijiko mkononi, kwa nini benki ihesabu hasara ya mkopo ambao mkopaji bado anaulipa.